Mkuu, usijazie maji ya bahari kwenye tangi la klauni

Mkuu, hayo madumu matatu uliyoyapanga nyuma ya mlango usiyaguse kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye sentensi ileile. Umesema una tangi la lita 60 sebuleni, Sinza, limeshakaa wiki sita linaiva, yaani bakteria wa kusafisha uchafu wanakua, Jumamosi unatia samaki klauni wawili na anemoni mmoja, yule kiumbe laini wa bahari mwenye mikono mingi ambamo klauni hujificha, na kwa kuwa joto hili la kaskazi limepandisha maji mpaka nyuzi 31, umeondoa kifuniko na kuelekeza feni ya mezani juu ya maji. Hadi hapo sina neno. Halafu ukaandika: "Maji yanapungua kweli, ila muuzaji kaniambia niwe najazia ya bahari kila siku, kwa hiyo hilo halinipi shida." Ukamalizia kwa kuuliza taa gani, chujio gani, chakula gani na gharama.

Hilo ndilo litakalokupa shida. Mimi niliambiwa maneno hayohayo Februari 2021, nikayafuata kila asubuhi kwa siku 12, na siku ya 13 tangi langu halikuwa na kiumbe hata kimoja kinachopumua. Nilikuwa mfuasi mzuri wa ushauri mbaya. Sitaki kukuona unafika nilikofika, ndiyo maana nakuandikia usiku huu badala ya kulala.

Maji yanayopaa kwa mvuke ni maji matamu. Chumvi haipai, inabaki. Chukua mchuzi wa samaki: umeutia chumvi ikakaa sawa, ukausahau jikoni ukakauka nusu. Ukiuonja unakunja uso. Sasa mpishi gani atauokoa kwa kuongeza mchuzi mwingine wenye chumvi ileile? Ataongeza maji. Tangi lako ni hiyo sufuria, na feni uliyoiweka ndiyo moto.

Halafu sisi wa pwani jambo hili tunalijua toka utoto. Mimi nimekulia Bagamoyo, na mashamba ya chumvi nimeyapita sijui mara ngapi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba wakati wa bamvua, yanafungiwa humo, jua na upepo vinafanya kazi yake, yakipungua yanaongezwa mengine ya bahari, mpaka chumvi inalala chini nyeupe na watu wanaikusanya kwa makoleo. Soma tena ulichoelekezwa na muuzaji wako. Upepo upo, wa feni. Maji ya bahari ya kuongezea yapo, madumu matatu. Umeelekezwa kutengeneza jaruba la chumvi sebuleni, kisha utie samaki ndani.

Tupige hesabu, maana nilipoipiga baadaye ndipo nilipokaa chini. Maji ya bahari yetu yana karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Tangi linaloitwa la lita 60, ukitoa nafasi ya mchanga na mawe, linabaki na maji kama lita 50. Feni ikipuliza mchana na usiku kwenye joto la Dar, langu lilikuwa linapoteza lita moja na nusu kwa siku. Ukirudisha lita moja na nusu ya bahari, umeongeza gramu 52 za chumvi. Hivyo ni kama vijiko vitatu vya mezani vya chumvi, kila asubuhi, huku ukijisikia umefanya usafi. Kwa lita 50 maana yake kila siku chumvi inapanda gramu moja kwa lita. Siku ya kwanza 35, siku ya pili 36, na hivyo hivyo. Baada ya siku 12 uko karibu na 48. Bahari ya Shamu, ambayo inajulikana duniani kwa ukali wa chumvi yake, ina kama 40.

Ubaya wa gramu moja kwa siku ni kwamba huioni. Maji ni maangavu vilevile, hayanuki, samaki hawakurupuki. Ingekuwa inapanda kwa mkupuo ningeshtuka siku hiyohiyo.

Tangi langu nililisubiri kama ulivyosubiri wewe. Wiki sita, limefunikwa, halina samaki, nikilisha bakteria kwa amonia kidogo kidogo na kupima mpaka amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zote zikasoma sifuri siku nne mfululizo. Nikaleta klauni wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na kwa haraka yangu nikaleta na anemoni. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la pili, akawapa majina: mkubwa Manjano, mdogo Mdalasini. Mama watoto akasema sasa nyumba ina watoto watatu, wawili wanakwenda shule na mmoja anakula umeme. Tulikuwa na furaha kweli. Jioni tulizima televisheni tukawa tunaangalia tangi.

Wiki ya pili joto likazidi. Kipimajoto kikasoma 31, nami nikafanya kama wewe: kifuniko juu ya kabati, feni mezani. Kesho yake maji yako 28. Nikajiona nimeshinda. Sikuwa nimeelewa kwamba feni inapoza maji kwa kuyapaisha, kila kinachopaa kinaondoka na joto. Kupoa na kupungua ni kitu kimoja. Ukitaka baridi ya feni lazima ulipe kwa maji, na swali linabaki unalipa kwa maji gani.

Nikampigia simu muuzaji, nikamweleza kwamba maji yanashuka karibu sentimita moja kwa siku. Akacheka. Akasema, "Kaka, ni samaki wa bahari, mpe bahari."

Sentensi tamu sana hiyo. Inaingia akilini bila kubisha hodi.

Siku ya tano nikaona ukoko mweupe umeshika ukingo wa kioo na waya wa pampu. Binti yangu akaukwangua kwa kucha, akaulamba, akaniambia, "Baba, hii ni chumvi ya kula." Nikamwambia asilambe vitu vya tangi. Nikafuta ukoko kwa kitambaa, nikajazia lita moja na nusu ya bahari, nikaenda kazini. Mtoto wa miaka minane alikuwa amesema jibu lote, nami nikalifuta kwa kitambaa.

Siku ya nane anemoni akaanza kusinyaa. Mikono yake iliyokuwa imejaa kama vidole vya mtoto ikawa myembamba, mdomo wake katikati ukabaki wazi mchana kutwa. Siku ya kumi Manjano akagoma kula. Alikaa juu karibu na pampu, mashavu yanapiga haraka haraka kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa sita. Nikapima amonia: sifuri. Nikapima joto: 28. Nikapima chumvi: 1.025, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu yaliyo 1.000, karibu sawa na gramu 35 kwa lita, pazuri kabisa.

Hiyo 1.025 ndiyo iliyoniua. Nilikuwa napima kwa kile kisanduku cha plastiki chenye mshale, ambacho muuzaji alinipa akisema mshale ukiwa kwenye sehemu ya kijani nipo salama. Mshale ule unafanya kazi kwa kuelea. Maji yakiwa mazito kwa chumvi unainuka, yakiwa mepesi unashuka. Lakini mimi nilikuwa napima, namwaga, nakirudisha kwenye droo bila kukisuuza, na chumvi ikawa inagandia kwenye mshale na kwenye kiungo chake. Mshale uliobeba chumvi unakuwa mzito, hauinuki unavyostahili. Kwa hiyo maji yalipokuwa yanapanda ukali, na mshale ulikuwa unapanda uzito, ukabaki palepale kwenye kijani. Kadiri tangi lilivyoharibika ndivyo kipimo kilivyonihakikishia kwamba hali ni njema.

Siku ya 12 kijana mmoja wa jirani anayesoma mambo ya bahari chuoni alipita nyumbani, akaangalia anemoni, akaniuliza chumvi ngapi. Nikamwambia 1.025. Akanyamaza, akaenda kwao, akarudi na refraktomita. Ni kitu kama darubini ndogo ya mkononi: unatia tone moja la maji kwenye kioo chake, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia, unaona mstari wa buluu na nyeupe ukikata kwenye namba. Akachungulia, akafuta kioo, akatia tone jingine, akachungulia tena. Halafu akanipa mimi niangalie. Mstari ulikuwa umepita 1.035, yaani zile gramu karibu 48 kwa lita.

Hapo nikafanya kosa la pili, na nakuomba ulisome polepole maana ndilo lililomaliza kazi. Niliogopa. Kijana aliniambia nishushe chumvi pole pole, kwa siku kadhaa, ila alipoondoka tu nikaona kila dakika ni mateso kwa samaki. Nikachota lita 15 za tangi nikamwaga, nikatia lita 15 za bomba, moja kwa moja, ndani ya nusu saa. Kwa hesabu nilikuwa sahihi: kutoka 48 nikarudi karibu na 34. Kwa viumbe ilikuwa ni kupigwa mara mbili. Samaki anaweza kuvumilia kushushiwa chumvi kuliko kupandishiwa, lakini anemoni hana figo wala magamba, maji ya nje na maji ya ndani yake yanakimbizana kutafuta usawa, na ukibadilisha ghafla anavimba na kupasuka chembe kwa chembe. Juu ya hapo yale maji ya bomba yalikuwa na klorini, kazi yake ni kuua vijidudu, na bakteria wangu niliowalea wiki sita ni vijidudu.

Saa nane usiku nikaamshwa na harufu. Anemoni alikuwa ameachia jiwe lake na kunaswa kwenye pampu, ngozi yake inavuka kama utando wa maziwa yaliyochemka, na pampu inaisambaza tangi zima. Maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kipimo cha amonia kikageuka kijani kibichi kama mchicha. Mdalasini alikuwa ameshakufa nyuma ya jiwe. Manjano alilala ubavu kwenye kona, mdomo unafunguka na kufunga. Nikamhamishia kwenye ndoo yenye maji mapya ya bahari na pampu ya hewa, nikakaa naye sakafuni mpaka alfajiri. Binti akaamka, akavaa sare za shule, akachuchumaa mbele ya ndoo na kuniuliza kama hatuwezi kumrudisha baharini. Jioni yake Manjano akafa.

Sasa nije kwa aliyetushauri. Duka silitaji, wala si lazima liwe lilelile unalonunua wewe, ila nataka uelewe biashara ilivyo. Mtu yule anauza maji ya bahari. Anakuletea kwa dumu, mpaka mlangoni, na kila dumu lina bei yake. Ukijazia maji matamu, anakuona mara moja kwa wiki mbili unapobadilisha maji. Ukijazia ya bahari kila siku, juu ya hayo ya kubadilisha unamaliza dumu jingine la lita 20 kila baada ya siku 13. Tangi likifa anakuuzia samaki wengine, anemoni mwingine, na dawa ya kuua ugonjwa ambao haukuwepo. Nilipomrudia na habari ya msiba alinijibu kwamba samaki wa bahari ni bahati. Bahati! Mtu aliyezoea kazi hii anajua kwamba chumvi haipai kama fundi magari anavyojua injini inataka oili. Kama alijua, alinidhulumu. Kama hakujua, basi anauza uhai wa viumbe asivyovielewa, na hilo nalo ni dhuluma.

Na si hilo tu. Wale klauni aliniuzia akisema wamevuliwa kisiwa cha Mafia, eti wameshazoea maji yetu. Walikuwa wa rangi ya chungwa wenye milia mitatu myeupe iliyozungushiwa weusi, wale ambao kila mtoto anawajua kwa katuni. Jamii hiyo haiishi pwani yetu kabisa. Makao yake ni upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki, huko Indonesia na Ufilipino. Klauni wa kwetu ni wengine: yupo wa rangi ya waridi iliyoelekea chungwa mwenye mstari mmoja mwembamba mweupe unaopita mgongoni kuanzia kichwani, na yupo mweusi wa kahawia mwenye milia miwili myeupe na mapezi ya manjano. Ukiambiwa samaki mwenye milia mitatu katoka Mafia, jua unazungumza na mtu wa aina gani, na kila ushauri mwingine wake upime kwa kipimo hicho.

Kanuni ninayotaka uishike, hata usipokumbuka lingine lolote nililoandika, ni hii: kilichoondoka kwa mvuke rudisha kwa maji matamu, ulichochota kwa mkono rudisha kwa maji ya chumvi uliyoipima. Mvuke hauchukui chumvi, ndoo inachukua. Hakuna siku utakayokosea ukijiuliza tu maji haya yameondokaje.

Ukitaka kuifanya bila kusumbuka, bandika utepe kwenye kioo kwa nje, ukingo wake wa juu ulingane na maji pampu zikiwa zinafanya kazi na chumvi ikiwa 35. Kila asubuhi jaza mpaka kwenye utepe, kwa maji matamu. Usimwage yote kwa mara moja juu ya samaki. Yatie polepole karibu na pampu ili yachanganyike. Mimi siku hizi natumia mpira wa dripu nilioununua duka la dawa: dumu liko juu ya kabati, mpira umeshuka mpaka kwenye tangi, na lile gurudumu dogo la plastiki ambalo wauguzi hulizungusha kupunguza au kuongeza matone linafanya kazi hiyohiyo. Matone yanaingia usiku kucha, asubuhi maji yako kwenye utepe. Lakini dumu silitii maji zaidi ya yale ya siku moja, maana gurudumu likilegea usiku nisije nikakuta tangi limekuwa mto.

Maji matamu ni yapi? Ya kisima usithubutu. Visima vingi vya Dar vina chumvi yake na madini yake, na hujui ni yapi. Ya bomba yana klorini, na hata ukiyalaza ndooni yana mengine yanayolisha mwani. Nunua yale yaliyochujwa kwa RO, yaani yaliyosukumwa kwenye utando unaozuia chumvi na madini, vituo vinavyojaza madumu ya lita 20 viko kila mtaa, ila waulize kama wanaongeza madini baada ya kuchuja. Kama wanaongeza, nenda kituo kingine.

Refraktomita nunua kabla ya samaki. Kabla ya taa, kabla ya anemoni, kabla ya kitu chochote cha kupendeza. Na uisawazishe kwa kimiminika chake cha gramu 35, kile kinachouzwa kwenye kichupa kidogo, usitegemee maji matupu peke yake, kwa sababu inaweza kusoma sifuri vizuri na kukosea huku juu unakotaka wewe. Ukishapima suuza kioo chake kwa maji matamu na ukaushe. Kile kisanduku cha mshale kama unacho, kiloweke kwenye siki usiku mmoja, na hata hapo kiwe shahidi wa pili tu.

Umeuliza taa. Taa kali inapasha maji joto, joto likizidi unaongeza feni, feni ikiongezeka maji yanapaa zaidi, kwa hiyo siku unayobadilisha taa ndiyo siku ya kupima upya unapoteza lita ngapi. Hesabu yako ya zamani imekufa. Hivyohivyo umeme ukikatika: feni inasimama, maji hayapungui, na kama dripu iliendelea kudondosha umeshayafanya maji kuwa mepesi. Umeme ukikatika funga dripu kwanza, ndipo uwashe pampu ya hewa ya betri. Hiyo pampu usikose, samaki wanakufa kwa kukosa hewa saa chache tu kwenye tangi dogo lenye joto. Wenzetu wa Arusha na Nairobi wanahangaika na hita, sisi tunahangaika na feni, na feni ndiyo yenye hila ya chumvi.

Anemoni Jumamosi hii hapana. Nakusihi. Anataka tangi lililokwisha tulia miezi sita au zaidi, na kosa dogo la chumvi linamuua kabla ya samaki, na akifa anaua samaki. Klauni wako hawamhitaji. Baharini wanamhitaji kwa sababu kuna wanaotaka kuwala. Sebuleni kwako nani atawala? Wawekee kigae cha chungu cha udongo, upande usiopakwa rangi, wataking'ang'ania. Wangu wa sasa, ambao niliwachukua wakiwa wamezaliwa kwenye matangi, wako na kigae chao tangu 2022 na wanatagia hapohapo. Dume anakaa juu ya mayai na kuyapepea kwa mapezi mchana kutwa. Chagua mmoja mkubwa na mmoja mdogo: klauni wote wanazaliwa madume, na mkubwa katika wawili ndiye anayegeuka jike. Ukichukua wawili wakubwa waliolingana, watapigana.

Kuhusu hayo madumu matatu, si kwamba ni takataka. Ni ya kubadilishia maji. Ila yapime kabla hayajaingia, kwa sababu bahari ya ufukweni haina chumvi ile ile mwaka mzima. Baada ya mvua kubwa maji yanayochotwa karibu na mito ni mepesi na yamebeba uchafu wa mji; ukichota karibu na Daraja la Selander baada ya masika, umechota Msimbazi. Chota maji yanapojaa, mbali na mdomo wa mto, na uyahifadhi gizani kwenye dumu ambalo halijawahi kubeba mafuta wala sabuni. Kama umechota 32, ongeza chumvi ya akwariamu mpaka 35. Chumvi ya akwariamu, mkuu, siyo ya mezani, ile ya mezani imetiwa madini joto na haina madini mengine ya bahari. Na mtu akikuambia ukachukue mawe na matumbawe kwenye visiwa vya Mbudya au Bongoyo, mkatalie. Pale ni hifadhi ya bahari, ni kosa kisheria, na matumbawe yale yana shida za kutosha bila sisi.

Lita 60 zinawatosha wawili ukizitunza. Ukiweza lita 100 ni bora, si kwa sababu ya nafasi ya kuogelea tu, ila lita moja na nusu ikipaa kwenye lita 100 chumvi inayumba kidogo kuliko inavyoyumba kwako. Tangi kubwa linakupa siku moja au mbili za kugundua kosa.

Kama umeshaanza kujazia ya bahari, na kwa nilivyokusoma umeshajazia siku kadhaa, usifanye nilichofanya mimi usiku ule. Leo usiku pima. Ukikuta 40, acha kabisa ya bahari, anza kujazia matamu kila asubuhi huku ukichota lita moja ya tangi na kurudisha lita moja tamu, upime tena kesho, ushuke gramu moja kwa siku, usizidishe. Jumamosi sahau, wasubiri wiki mbili zaidi. Samaki walioko dukani hawafi kwa kukusubiri.

Bandika utepe sasa hivi, zima feni kwa dakika tano ili uso wa maji utulie, weka alama, washa feni. Kesho asubuhi kabla hujajazia chochote piga picha ya utepe na maji, uiweke hapa pamoja na namba ya refraktomita. Nitaiangalia nikiamka.